Namna ya Kuambatisha Maelezo kwenye Faili ili Yasifike Same

Mwongozo huu ni wa mbunifu wa mfumo endeshi aliyeamua kwamba faili kuwa na jina, ukubwa na tarehe peke yake ni umaskini. Anataka faili libebe na mengine: nani alilileta, limetoka wapi, nani karuhusiwa kulisoma, nani alikuwepo likitengenezwa. Wazo ni zuri na lina umri wa zaidi ya miaka 40. Kila kampuni iliyolishika imelijenga kivyake, na kila moja imejitahidi kwa dhati isielewane na jirani. Fuata hatua za hapa chini, nawe utakaribishwa kwenye ukoo.

Majaribio yetu tutayafanyia kata ya Mhezi, wilayani Same, huko juu Upare wa Kusini. Mahali hapajachaguliwa kwa bahati nasibu. Watani wetu husema Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Mimi sithibitishi wala sikanushi. Ninachojua ni kwamba kesi ya kuku haishindwi kwa kuku, maana kuku mwenyewe siku ya kesi ameshaliwa. Inashindwa kwa maelezo: alionekana wapi, saa ngapi, nani alimwona, alikuwa na doa gani bawani. Kwa hiyo ukitaka watu wanaojua thamani ya taarifa zilizo kando ya kitu chenyewe, panda milima ya Upare.

Faili letu la mfano linaitwa mpaka.jpg. Ni picha ya mstari wa masale kati ya mashamba mawili, iliyopigwa kabla masale hayajatembea usiku yakaamkia hatua mbili ndani ya shamba la jirani. Pamoja na picha tuna maelezo manne: aliyepiga, tarehe, majina ya wazee watatu walioshuhudia, na namba ya jalada la shauri. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, kazi ya baraza la kata ni kusuluhisha, na wasiposikilizana shauri linasogea mbele hadi Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Maana yake ushahidi lazima usafiri: kutoka kwenye simu kwenda kwenye laptopu, kutoka kwenye laptopu kwenda kwenye flashi, flashi ishuke na gari la asubuhi mpaka Same mjini, iingie steshenari karibu na stendi, itoke karatasi. Wewe mbunifu kazi yako ni kuhakikisha picha inafika na mashahidi wanabaki njiani.

Usikanyage masijala

Onyo la kwanza: usiingie masijala ya serikali kuona wanavyofanya. Utaharibika. Utakuta jalada lenye namba ya kumbukumbu juu, barua zimepangwa upande mmoja kila moja na namba yake ya folio, na upande wa pili karatasi ya madokezo, ambako mkuu kaandika "tuzungumze", msaidizi kaandika "nimezungumza naye, rejea folio 14", na mkuu tena kaandika "sawa" na kutia saini. Vyote vimepigwa tundu na kupitishwa kamba moja. Jalada likihamishiwa ofisi nyingine, madokezo yanakwenda nalo. Hakuna karani aliyewahi kusema, "Barua nimezileta, ila madokezo ofisi hii hayatumiki." Yule anayelazimika kuandika nje ya jalada anaandika dokezo sabili, na kila mtumishi anajua kwamba karatasi ile iko huru, inaweza kupotea, hivyo anaikimbiza ifungwe haraka.

Mbunifu akishaona hayo hawezi tena kutengeneza kitu cha kisasa. Atataka kamba.

Chagua mahali pa kuficha

Sasa kazi. Amua maelezo yakae wapi, na sharti ni moja: mwenye faili asiyaone.

Apple walianza mapema. Kwenye Macintosh ya mwaka 1984 kila faili lilikuwa na matawi mawili, moja la data na moja la rasilimali, pamoja na alama za herufi nne nne za kueleza ni faili la aina gani na limetengenezwa na programu ipi. Ndani ya Macintosh mambo yalikuwa safi. Ukibofya faili, linajua lifunguliwe na nani, wala halihitaji kubeba .jpg mkiani. Kilichosahaulika ni kwamba duniani kuna kompyuta nyingine. Mpaka leo, kompyuta ya Apple ikinakili faili lenye maelezo ya ziada kwenye flashi yenye mfumo wa faili wa FAT, inaandika mafaili mawili: lako, na jingine lenye jina lilelile lililotanguliziwa nukta na mstari wa chini. Hilo la pili ndilo lenye maelezo.

Tuseme picha ni ya mwalimu, na mpwa wake amepanda kutoka Dar kula Krismasi, amekuja na laptopu ya Apple, na kwa heshima ya mjomba ameandika majina ya mashahidi kwenye sifa za picha. Mwalimu anateremka na flashi. Steshenari, dada aliyekaa kwenye kompyuta anaangalia kioo.

"Mwalimu, picha ni moja au mbili?"

"Moja."

"Hapa kuna mpaka, na kuna mpaka mwingine umeanza na nukta. Huu wa nukta haufunguki."

"Labda virusi."

"Hata mimi nilijua. Nafuta."

Wazee watatu wamefutwa kwa kidole kimoja, na mteja ameshukuru.

IBM na Microsoft nao hawakubaki nyuma. Mwaka 1989 mfumo wao wa OS/2 uliletewa sifa za ziada zenye ukomo wa kilobaiti 64 kwa faili. Kwenye diski za FAT, ambazo hazikuwa na pa kuziweka, sifa za mafaili yote ya diski nzima zilirundikwa kwenye faili moja linaloitwa EA DATA. SF, lenye nafasi tupu katikati ya jina makusudi ili programu za kawaida zisiweze kuligusa. Naliheshimu sana wazo hilo. Badala ya kupoteza maelezo ya faili mojamoja, unaweza kupoteza ya wilaya nzima kwa mpigo.

Lakini bingwa wa kuficha ni mfumo wa faili wa NTFS, ulioingia na Windows NT mwaka 1993. Hapa faili linaweza kuwa na mikondo mingi, na mkondo wa pili unaitwa kwa nukta pacha: mpaka.jpg:mashahidi.txt. Sababu kubwa ya kuwekwa ilikuwa seva za Windows ziweze kutunza mafaili ya Macintosh na matawi yake mawili. Ugeni ukapokelewa vizuri, wenyeji wakasahau kuambiwa. Unaweza kuficha gigabaiti nzima kwenye mkondo wa pili, na kwenye folda faili likaendelea kuonekana na ukubwa uleule wa jana. Amri ya dir ilikaa mpaka wakati wa Vista ndipo ikapewa /r ya kuonyesha mikondo. Katika miaka hiyo yote ya katikati walioijua vizuri walikuwa wachache, wakiwemo wenye nia mbaya: mwaka 2000 kilitokea kirusi kilichoitwa W2K.Stream kikitumia mikondo hiyohiyo. Na mwaka 1998 iligundulika kwamba ukiongeza ::$DATA mwishoni mwa anwani ya ukurasa kwenye seva ya wavuti ya Microsoft, seva inakupa msimbo wenyewe wa ukurasa badala ya kuuendesha. Ni jina lingine la faili lilelile. Mlinzi alikuwa na orodha ya jina moja.

Haki yao niwape. Tangu pakiti ya pili ya Windows XP, mwaka 2004, mkondo uitwao Zone.Identifier umekuwa ukiandikwa kwenye mafaili yaliyopakuliwa, ukisema kwamba ZoneId=3, yaani limetoka intaneti. Ndiyo sababu ukifungua barua uliyotumiwa, Word inakuwekea utepe wa njano na kukataa usiandike kitu. Hii ni kazi halali na yenye faida ya maelezo ya ziada. Na steshenari wameshajua dawa yake: nakili kwenye flashi, kisha lirudishe. Likirudi limetakata.

Windows angalau ina adabu ya kuuliza. Ukinakili faili lenye mikondo kwenda kwenye FAT, linatokea dirisha la kukuuliza kama unakubali kulinakili bila sifa zake. Hakuna kitufe cha kuuliza "sifa zipi?" Ukisema ndiyo umeridhia, ukisema hapana hupati faili. Gari la Same linapiga honi. Unasema ndiyo.

Ikiwezekana, fanya maelezo yawe ndiyo faili

Kama ningeshikiwa fimbo nichague mfumo uliolifanya jambo hili kwa akili, ningechagua BeOS. Mfumo wake wa faili, BFS, ulioandikwa na Dominic Giampaolo na Cyril Meurillon katika miaka ya 1990, uliruhusu sifa zenye aina: hii ni maandishi, hii namba, hii tarehe. Zaidi ya hapo, sifa ziliweza kuwekewa faharasa, ukauliza diski: nipe barua pepe zote kutoka kwa mtu fulani ambazo sijasoma, na jibu likabaki hai, barua mpya ikiingia inajiongeza yenyewe kwenye orodha. Barua pepe ilikuwa faili la kawaida, na mtumaji, mada na tarehe zilikuwa sifa zake. Hakukuwa na haja ya kila programu kujijengea hifadhidata yake uani. Hii ndiyo faida ambayo wengine wote wameiahidi na wachache wameitoa. Giampaolo baadaye alikwenda Apple, na mwaka 2005 Spotlight ikatoka na harufu ileile.

Sasa angalia namna hata wenye akili walivyotimiza masharti ya mwongozo huu. Kwenye BeOS anwani ya mtu ilikuwa faili, na jina, simu na makazi yake yote yalikuwa sifa. Ndani ya faili hamna kitu, baiti sifuri. Basi chukua anwani za wajumbe wote wa kamati ya mfereji, zinakili kwenye flashi ya FAT, ushuke nazo. Ukifika unakuta wajumbe wote wapo kwa majina, kila mmoja ana baiti 0. Kikao kina akidi na hakina watu.

Zidisha miito

Ukishaficha, tengeneza njia ya kuweka na kusoma. Hapa Linux ni darasa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilipokea miito ya mfumo ya sifa za ziada: kuweka, kusoma, kuorodhesha, kuondoa. Minne. Kisha kila mmoja ukapewa sura tatu, kwa njia ya faili, kwa njia isiyofuata viungo, na kwa faili lililokwisha kufunguliwa, ikawa 12. Mwanzoni mwa 2025, toleo la 6.13 likaongeza sura ya nne inayoanzia kwenye folda uliyoishika mkononi, ikawa 16. Sisemi haikuhitajika, programu ya usalama ikitafuta faili kwa njia ndefu huku mtu mwingine anabadilisha folda katikati, inaweza kumbandika muhuri mtu asiyehusika. Ninasema tu kwamba miito 16 yote inahusu kuweka na kuchukua, na hakuna hata mmoja unaosema "beba".

Kusoma nako kumepangwa kwa utaratibu wa ofisi zetu. Mpigaji hajui jibu lina urefu gani, kwa hiyo anapiga mara ya kwanza na bahasha yenye ukubwa 0, anaambiwa baiti ngapi. Anakwenda kutafuta bahasha, anarudi, anapiga mara ya pili. Kama katikati kuna mtu ameongeza neno, anajibiwa ERANGE, bahasha haitoshi, aanze upya. Hakuna aliyekosea, na mteja ameshapoteza asubuhi.

Hakikisha pia kwamba majirani hawasomani. Kwenye Linux, getxattr inataka vitu vinne. Kwenye macOS kuna wito wenye jina hilohilo unaotaka sita. FreeBSD nao wana jina jingine, extattr_get_file, na eneo la sifa wanalitaja kwa namba, wakati Linux wanalichomeka ndani ya jina lenyewe. Sifa isipokuwepo, Linux wanasema ENODATA, Apple wanasema ENOATTR. Anayeandika programu ya kunakili mafaili kwa mifumo yote mitatu anaandika kitu kilekile mara tatu, na mara ya tatu kazi imeshamchosha anaacha. Hapo umefaulu.

Kulikuwa na njia nyingine kabisa. Solaris 9, mwaka 2002, iliona kwamba sifa za faili ni mafaili madogo, kwa hiyo ikalipa kila faili folda yake ya siri. Unaifungua kwa openat na alama ya O_XATTR, halafu unasoma, unaandika na kuorodhesha kwa miito ileile ya siku zote. Hakuna ukomo wa ajabu wala bahasha. Mimi naiona ni safi kuliko zote kwa mwandishi wa programu. Hans Reiser akaenda mbele zaidi na Reiser4 mwaka 2004: faili lenyewe liwe pia folda, uandike mpaka.jpg/mashahidi ukafika. Wakuu wa keneli ya Linux wakang'aka, na walikuwa na hoja: faili moja linaweza kuwa na majina mawili kwenye folda mbili tofauti, na likiwa pia folda unaweza kujikuta unazunguka kwenye mti ambao tawi lake limerudi kuwa shina, huku kufuli mbili zikisubiriana milele. Wazo likabaki nje ya mlango.

Ukomo

Weka ukomo, na ukiulizwa usieleze. Kwenye Linux jina la sifa lisizidi baiti 255, thamani isizidi kilobaiti 64. Lakini kwenye mfumo wa faili wa ext4 wa kawaida sifa zote za faili zijibane ndani ya bloku moja, mara nyingi baiti 4,096, pamoja na kijinafasi kilichobaki ndani ya ainodi. Keneli inasema 64, diski inasema 4, na mtumiaji anagundua tofauti akiwa anahamisha mafaili kutoka diski ya XFS usiku.

Na kuna pambo moja ambalo nalisifu bila kejeli ya ziada, maana lenyewe linatosha. Orodha ya majina ya sifa za faili moja nayo ina ukomo wa kilobaiti 64. Mfumo wa faili ukiruhusu majina mengi kupita hapo, sifa zipo, zimehifadhiwa salama, ukijua jina la mojawapo unaipata, lakini kuziorodhesha haiwezekani tena. Ukurasa rasmi wa maelezo ya wito huo umeliandika jambo hili waziwazi, chini ya kichwa cha kasoro, likakaa hapo kwa utulivu.

Somo la ukomo hata kwaya wanalijua. Maelezo ya wimbo wa MP3 katika toleo la kwanza la ID3, la mwaka 1996, ni baiti 128 zilizobandikwa mwisho wa faili: jina la wimbo herufi 30, mwimbaji herufi 30, albamu 30. Waadventista walifika Upare mwaka 1903, kwaya zimekuwepo kitambo, na majina ya kwaya hayakuandaliwa kwa baiti 30. Redio ya basi inaonyesha "Kwaya ya Vijana Kanisa la Waad" na kuishia hapo. Aina ya muziki nayo inachaguliwa kwa namba. Gospel ni 38, taarabu haimo. Hata hivyo angalia jambo moja: maelezo hayo yalikatwakatwa, lakini yalifika. Yalikuwa ndani ya faili. Basi lilipoondoka Same kwenda Tanga, jina la kwaya lilikuwa limepanda.

Nani aandike, nani asome

Gawa maeneo. Linux inayo manne: user ni la mwananchi, trusted ni la mkubwa wa mashine na mwananchi halioni kabisa, security ni la ulinzi, system ni la keneli yenyewe. Mgawanyo huu una maana. Kila simu ya Android iliyoko Mhezi sasa hivi, hata ile yenye kioo kilichopasuka inayochajiwa dukani, ina lebo ya security.selinux kwenye mafaili yake ya ndani, inayosema faili hili ni la programu, hili ni la mfumo; tangu Android 5.0 ya mwaka 2014 simu nzima inalindwa hivyo. Pengine ndiyo matumizi makubwa kuliko yote ya sifa za ziada duniani, na mwenye simu hajawahi kuyasikia.

Upareni habari ya kuandikiwa maelezo na wakubwa inajulikana. Miaka ya 1940 serikali ya mkoloni ilileta mbiru, kodi ya kupimwa kwa uwezo wa mtu, kila kichwa na kiwango chake. Watu waliuliza maswali ya mbunifu hasa: nani anapima, anaandika nini juu yangu, kwa nini mimi mwenyewe siioni hiyo karatasi? Wakateremka Same kwa maelfu kudai majibu, na kodi ile ikafa. Mwanahistoria Isaria Kimambo aliiandikia kitabu mwaka 1971. Kwa hiyo ukibuni eneo la trusted, lijaribie kwanza mahali pengine.

Na ukitaka kuandika juu ya mtu bila kumwambia, fanya kama wget, programu ya kupakua mafaili. Wakati fulani ilianza kuandika kwenye sifa iitwayo user.xdg.origin.url anwani kamili faili lilikotoka. Kama anwani ilikuwa na jina la mtumiaji na nywila ndani yake, navyo viliandikwa, kimyakimya, kwenye diski. Likasahihishwa katika toleo la 1.20.1. Kanuni tunayoipata hapo ni nzuri sana kwa malengo yetu: maelezo unayoyahitaji yapotee kwenye flashi, usiyoyahitaji yakae miaka.

Safari yenyewe

Sasa tumefika kwenye kazi ambayo wabunifu wengi huiacha kwa wengine, nami nashauri uiache. Umeshaandika miito, umeshaandika ukomo, kazi yako imekwisha. Mengine wataamua wenye programu za kunakili.

Programu ya cp kwenye Linux, usipoiambia, hainakili sifa za ziada. Uiambie -a, au uiandikie --preserve=xattr. Programu ya tar inataka --xattrs wakati wa kufunga na tena wakati wa kufungua. Ukikumbuka upande mmoja ukasahau mwingine, umefunga mzigo kwa uangalifu na kuumwaga kwa uangalifu uleule. Git haina habari nazo. Barua pepe haina habari nazo. Folda ya /tmp, ambako programu nyingi huweka mafaili kwa muda, kwa mashine nyingi iko kwenye tmpfs, na tmpfs ilianza kupokea sifa za user kwenye toleo la 6.6 la keneli, mwaka 2023.

Halafu kuna mhariri wa maandishi, ambaye ni mtu mwema. Kwa kuogopa umeme wa Upare usimkatikie katikati, haandiki juu ya faili lako. Anaandika faili jipya kando, akimaliza analipa jina la lile la zamani. Ni njia sahihi, kila kitabu kinaifundisha. Faili jipya lina jina lako na maneno yako, ila halijawahi kukutana na sifa zako. Umefungua muhtasari wa kikao ukasahihisha "Mehzi" ikawa "Mhezi", na kwa herufi hizo mbili umefuta mashahidi, muhuri na namba ya jalada, isipokuwa kama mwandishi wa programu alikumbuka kuvihamisha. Hakuna wito wa kumrahisishia kukumbuka. Angalia tena orodha ya 16.

WhatsApp inamalizia. Picha yenyewe inabeba maelezo ndani yake, ya EXIF, yenye saa na pengine hata mahali ilipopigwa. Ukiituma kama picha, inabanwa na EXIF inaondolewa, na kwa usalama wa watu hiyo ni sawa kabisa. Ukiituma kama hati, EXIF inabaki. Sifa za ziada za mfumo wa faili zenyewe hazivuki kwa njia zote mbili, maana hakuna aliyeziambia kuna safari.

Na mwananchi je? Katibu wa ile kamati ya mfereji, ambaye hajasoma mwongozo wowote, ameshabuni kiolesura chake. Faili lake linaitwa mpaka_masale_Mhezi_kabla_hayajahamishwa_mashahidi_wazee_3_jalada_namba_ipo_MPYA_mwisho_kabisa2.jpg. Ext4 inalikubali, NTFS inalikubali, flashi ya FAT inalikubali, maana wote wanaruhusu jina refu la hadi 255. Linapita kwenye zip, linapita kwenye barua pepe, linasomeka bila amri, na dada wa steshenari hawezi kulifuta akidhani ni virusi. Adui wake ni mmoja tu, WhatsApp, inayoligeuza kuwa IMG na tarehe na WA0007 likitumwa kama picha. Katibu amelijua hilo siku nyingi, analituma kama hati.

Ukikutana na katibu huyo, mweleze kwa upole kwamba jina la faili halikukusudiwa kazi hiyo, na kwamba anachanganya kitambulisho na maelezo, kosa la kwanza katika kozi yoyote ya hifadhidata. Akikuuliza afanye nini badala yake, mwambie kikao cha kujadili wito wa 17 kitaitishwa.